Maikrowevu Kuukuu na Joto Lake: Mjadala wa Sauti Tatu

Miongoni mwa madai yanayosikika mara nyingi jikoni, na ambayo ni wachache waliowahi kuyapima, ni lile lisemalo kwamba maikrowevu hupungukiwa na nguvu ya kupasha kadiri miaka inavyokwenda, hata chakula kilichokuwa kikipata moto kwa dakika mbili kikahitaji tatu, kisha nne. Dai hili lina watetezi wanaotegemea walichokiona kwa macho yao siku baada ya siku, na lina wapinzani wanaotegemea fizikia ya mashine yenyewe. Katika mjadala huu sauti tatu zimekutanishwa: Mwenye Mgahawa, anayeitumia mashine kutwa, Fundi wa vifaa vya umeme, anayeifungua inapoharibika, na Mhadhiri wa fizikia, anayeshughulika na kinachotendeka ndani yake. Sauti hizi si za watu mahususi. Ni misimamo mitatu ambayo kila aliyewahi kupasha kiporo atatambua angalau mmoja wake.

Mwenye Mgahawa: Maikrowevu ikiwa mpya, sahani ya wali na maharage iliyotoka kwenye friji hufuka mvuke ndani ya dakika mbili. Ukipita mwaka mmoja na nusu, sahani ya ukubwa uleule huwa na moto pembeni na ubaridi katikati, na mteja huirudisha. Wapishi hawajabadilisha sahani wala kipimo cha chakula, kwa hiyo kilichobadilika hakiwezi kuwa kingine ila mashine. Mhadhiri akishikilia kwamba mashine haichoki, basi aeleze kwanza kwa nini dakika zinaongezeka.

Mhadhiri: Mama, hakuna anayekana kwamba dakika zimeongezeka. Kinachobishaniwa ni iwapo zimeongezeka kwa sababu ya umri. Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza ijulikane ni kifaa gani hasa kinachoweza kuzeeka. Moyo wa maikrowevu ni magnetroni, yaani chombo cha ombwe kinachogeuza umeme kuwa mawimbi ya sumakuumeme. Umbo lake lenye matundu lilibuniwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza mwaka 1940, kwa ajili ya rada za vita. Na ilikuwa mwaka 1945 ndipo Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alipotambua kwamba mawimbi yake hupasha chakula. Katikati ya chombo hicho mna uzi wa metali unaopashwa mpaka uwake, uitwao kathodi, ambao hutoa elektroni, nazo ni chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Umeme wa volti 4000 hivi huzivuta elektroni hizo kuelekea ukuta wa shaba, yaani anodi, lakini sumaku mbili zilizowekwa juu na chini huzipinda njiani zikazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na mzunguko huo ndio unaoamsha mawimbi yenye masafa ya megahezi 2450. Mawimbi hupitia mfereji wa bati hadi kwenye chumba cha chakula, na huko molekuli za maji huyafyonza na kupata joto.

Sasa, kinachochakaa kweli katika mfumo huo ni ule uzi wa kathodi. Umetengenezwa kwa tungsteni iliyochanganywa na kiasi kidogo cha oksidi ya thoriamu, baina ya asilimia 1 na 2, na sehemu yake ya nje imetiwa kaboni. Uzi unapowaka, atomi za thoriamu hujitokeza polepole na kutanda juu yake utando mwembamba wa atomi moja, ambao hurahisisha sana kutoka kwa elektroni; nayo kaboni husaidia kuiachanisha thoriamu na oksijeni yake. Kila saa ya kazi hula sehemu ya kaboni hiyo, na siku kaboni inapoisha, thoriamu haijazwi tena, na kathodi hukosa elektroni za kutosha. Lakini hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: kathodi mpya hutengenezwa iwe na uwezo wa kutoa elektroni nyingi kuliko zinazohitajika. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka bila chakula kuonyesha tofauti yoyote ya maana, kwa sababu magnetroni hutumia kile inachohitaji tu. Akiba inapokwisha, nguvu haishuki taratibu. Huanza kuyumba, mawimbi yakakatika na kurudi, na baada ya muda si mrefu kifaa hakifai tena. Uzee wa magnetroni, kwa hiyo, haufanani na ule anaousimulia mama. Huo wa kusogea kidogo kidogo kutoka dakika mbili hadi tatu hadi nne una dalili zote za sababu nyingine.

Fundi: Mwalimu, maelezo ya kathodi hayana ubishi, lakini karakana ina ushahidi wake. Mashine huletwa ikiwa inanguruma kama kawaida, taa inawaka, sahani inazunguka, na kikombe cha maji hakipati hata uvuguvugu wa maana. Magnetroni ikibadilishwa, joto hurudi siku hiyohiyo. Jambo hilo limejirudia mbele ya mafundi wa miji mingi kiasi kwamba kuliita sadfa ni kuwaonea. Kama magnetroni mpya inarudisha joto, basi ya zamani ilikuwa imelipoteza.

Hoja ya Fundi ni nzito, na haifai kupuuzwa kwa sababu tu imetoka karakana na si maabara. Hata hivyo ina pengo, nalo lilionekana mara Mhadhiri alipouliza ni mambo gani mengine hufanyika siku ya kubadilisha magnetroni.

Mhadhiri: Fundi anayejali kazi yake, akishaifungua mashine, hafungi magnetroni mpya juu ya uchafu wa zamani. Hupangusa mafuta chumbani, hubadilisha kile kipande cha mika kinachoziba mdomo wa mfereji wa mawimbi ikiwa kimeungua, husafisha feni iliyojaa vumbi na masizi, na hukaza nyaya zilizolegea. Mambo matano yamefanyika kwa mkupuo, na sifa zote zikapewa moja. Ni kama mgonjwa aliyepewa dawa, chakula, maji na usingizi, kisha dawa pekee ikasifiwa.

Fundi: Hoja imepokelewa, lakini si kwa ukamilifu wake. Fundi akiweka lita moja ya maji kabla ya kugusa chochote, akapima, akasafisha, akapima tena, kisha ndipo akabadilisha magnetroni na kupima mara ya tatu, siku ileile na kwa umeme uleule, atakuta kwamba kuna mashine ambazo usafi ulizirudishia sehemu kubwa ya nguvu, na kuna nyingine ambazo hazikusogea mpaka kifaa kipya kilipofungwa. Aina ya pili ipo. Haiwezi kufutwa kwa hoja ya aina ya kwanza.

Mhadhiri alikubali jambo hilo, na hapa mjadala ulihama kutoka swali la kama uzee upo na kuingia katika swali la namna ya kuutenga na vinavyofanana nao. Kinachofanana nao zaidi, na ambacho katika Afrika Mashariki ndicho kinachostahili kushukiwa kwanza, ni umeme wenyewe. Umeme wa majumbani hutakiwa kuwa volti 230 nchini Tanzania na 240 nchini Kenya, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma ya mtaa, huweza kupata pungufu ya hapo hasa jioni, wakati kila jirani anawasha pasi, friji na jiko la umeme. Katika maikrowevu ya kawaida yenye transfoma nzito ya ndani, upungufu huo huumiza mara mbili: volti ya juu inayozivuta elektroni hupungua, na papo hapo uzi wa kathodi, unaopashwa na transfoma hiyohiyo kwa umeme mdogo wa volti 3 na kitu, hupoa na kutoa elektroni chache zaidi. Mashine zinazotumia inveta, yaani saketi ya kielektroniki inayorekebisha umeme kabla ya kuupeleka kwenye magnetroni, huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, ingawa si kwa kiwango kisicho na mwisho.

Mwenye Mgahawa: Basi ndiyo maana asubuhi sahani hupata moto na jioni haipati?

Fundi: Ndiyo, mama, na dalili hiyo peke yake inatosha kuiondolea mashine sehemu kubwa ya lawama. Kifaa kilichozeeka hakichagui saa. Tena iangaliwe waya ya kuongezea umeme. Maikrowevu ya wati 700 huvuta kutoka ukutani wati 1100 au zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme hupotea kama joto katika transfoma na magnetroni, na waya nyembamba ndefu iliyonunuliwa kwa ajili ya redio na taa haikukusudiwa mzigo huo. Plagi ikiguswa baada ya dakika tano ikawa ya moto, nguvu iliyotakiwa kufika kwenye chakula imeishia ukutani, na hatari ya moto wa nyumba ipo papo hapo.

Mwenye Mgahawa: Lakini mgahawani dalili huonekana hata mchana, umeme ukiwa mzuri. Sahani ya kwanza na ya pili hazina tatizo. Kuanzia ya sita au ya saba ndipo wateja huanza kulalamika.

Kauli hii, ambayo ingeweza kupita kama lalamiko la kawaida, ndiyo iliyofungua sehemu muhimu kuliko zote katika mjadala, kwa sababu ilitenganisha uchovu wa miaka na uchovu wa saa moja.

Mhadhiri: Alichokisema mama kina maelezo kamili. Sumaku za magnetroni hutengenezwa kwa feriti, ambayo ni kauri yenye oksidi ya chuma, na sumaku za aina hiyo hupungukiwa na nguvu kwa takriban asilimia 0.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Mashine ikifanya kazi mfululizo hata sumaku zikapanda nyuzi 70 juu ya joto la jikoni, uga wake, yaani eneo na ukali wa mvuto wake, hupungua kwa asilimia 14 hivi; volti ambayo magnetroni hufanyia kazi hushuka pamoja nao, na nguvu ya mawimbi hushuka vilevile. Zikipoa, nguvu hurudi. Huu si uzee, kwa kuwa uzee haurudi nyuma. Maikrowevu ya kwanza ya biashara, iliyouzwa na Raytheon mwaka 1947 ikiwa na uzito wa kilo 340 hivi, ilipozwa kwa maji yaliyopita kwenye mabomba. Za leo hutegemea feni ndogo na matundu ya hewa ya nyuma. Mahali penye kukaanga mafuta, matundu hayo huziba, na mashine iliyobanwa baina ya ukuta na jokofu huvuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kupata joto. Hapo sahani ya saba hupashwa na mashine dhaifu kuliko ile iliyopasha ya kwanza, ijapokuwa ni mashine moja.

Fundi: Ila, Mwalimu, sumaku ikizidishiwa joto mno hupasuka, na ikishapasuka hairudi. Mashine nyingi zilizoletwa zikiwa hazipashi zimekutwa na sumaku yenye ufa. Kwa hiyo uchovu wa saa moja ukiachwa ujirudie kila siku huzaa uchovu wa kudumu.

Kwa haki, Fundi alipata pointi hapo, na inafaa isemwe wazi kwamba mgawanyo safi baina ya kupungua kunakorudi na kupungua kusikorudi haupo jikoni kama ulivyo vitabuni. Joto kali huharakisha kila kifo cha magnetroni. Vilevile kuwasha mashine ikiwa tupu, au kupasha kijiko kimoja cha mchuzi kwa dakika nyingi, huyaacha mawimbi bila cha kuyafyonza, yakarudi kwenye magnetroni na kuipasha yenyewe. Kiporo kikavu cha ugali nacho hufyonza kidogo kuliko bakuli la supu, na kwa sababu hiyo anayelinganisha ugali wa leo na supu ya mwaka jana hajalinganisha mashine mbili bali vyakula viwili.

Baada ya hapo lilibaki swali la kipimo, ambalo bila shaka lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Wataalamu wa viwango wa kimataifa hupima nguvu ya maikrowevu kwa gramu 1000 za maji yaliyoanza na nyuzi 10 hadi yafike nyuzi 20, wakihesabu na joto lililochukuliwa na chombo. Nyumbani njia hiyo huweza kurahisishwa bila kupoteza maana yake. Lita moja ya maji yaliyopozwa kwenye friji hutiwa katika chombo chepesi cha plastiki kisichoharibika kwa joto, hukorogwa, hupimwa kwa kipimajoto, hupashwa kwa nguvu ya juu kabisa kwa sekunde 60, hukorogwa tena na kupimwa upya. Tofauti ya nyuzi huzidishwa kwa 70, na jibu ni wati zilizofika ndani ya maji. Maji yaliyopanda kutoka nyuzi 14 hadi 23 yamepokea wati 630.

Mhadhiri: Onyo moja lisisahaulike. Kosa la nyuzi moja tu katika kusoma kipimajoto ni kosa la wati 70, ambalo kwa mashine ya wati 700 ni asilimia 10 nzima. Mtu huweza kuizeesha maikrowevu yake miaka mingi kwa kusoma vibaya mstari mmoja. Afadhali maji yapashwe dakika mbili, na tofauti izidishwe kwa 35, maana kosa lilelile la nyuzi moja hapo huwa wati 35 tu. Tena jibu likiwa chini ya namba ya kwenye kibandiko kwa sehemu moja ya kumi, hilo si ushahidi wa ugonjwa, kwa kuwa chombo na hewa vimechukua fungu lao, na mazingira ya jikoni si ya maabara. Na isomwe namba sahihi, kwa maana kibandiko huonyesha mbili: umeme unaovutwa na nguvu inayotoka. Anayelinganisha wati 650 alizozipima na zile 1150 zinazovutwa atadhani nusu ya mashine imekufa.

Fundi: Kipimo kifanyike mara mbili: mara ya kwanza mashine ikiwa imepumzika usiku kucha, na mara ya pili baada ya kazi ya robo saa. Ikiwa ya kwanza ni nzuri na ya pili mbaya, tatizo ni joto na hewa. Ikiwa zote mbili ni mbaya asubuhi na jioni, umeme ukiwa kamili na chumba kikiwa kisafi, basi hapo ndipo magnetroni, au kapasita, au dayodi yake, ichunguzwe. Na kazi hiyo iachiwe fundi. Kapasita, yaani kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme wa volti ya juu, huweza kubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Mwenye Mgahawa: Yote hayo yamefahamika, lakini jambo moja halijajibiwa. Dada yangu ana nyumbani kwake maikrowevu ya miaka 12 na haijawahi kumsumbua. Ya mgahawani, ya kampuni ileile, haimalizi miaka miwili. Ikiwa umri si kitu, kwa nini?

Jibu la swali hilo ndilo lililomaliza sehemu kubwa ya ubishi, nalo ni hesabu tu. Magnetroni za maikrowevu za nyumbani mara nyingi hukadiriwa maisha ya saa 2000 hivi za kuwaka. Familia inayotumia mashine dakika 10 kwa siku huiwasha kwa saa 61 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 30 kuzimaliza. Kabla ya hapo mlango utakuwa umelegea, vitufe vimechoka, na kutu imekula sakafu ya chumba. Mgahawa unaoiwasha saa tatu kwa siku hufikisha saa 1095 kwa mwaka, na saa 2000 huisha kabla ya mwaka wa pili kukamilika. Umri wa maikrowevu hauhesabiwi kwa kalenda. Mama alikuwa sahihi kuhusu mashine yake, na Mhadhiri alikuwa sahihi kuhusu mashine za watu wengi. Kosa lilikuwa kuchukua hukumu ya jiko moja na kuihamishia jiko jingine.

Mwenye Mgahawa: Basi mashine ya nyumbani haikufaa kuletwa mgahawani tangu mwanzo.

Fundi: Haikufaa, mama. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara, zenye upoozaji mkubwa zaidi na nyingine zenye magnetroni mbili, na anayetumia za nyumbani kwa kazi hiyo ahesabu magnetroni kuwa spea ya kubadilishwa mara kwa mara, kama anavyohesabu gesi na mkaa.

Kuna sababu inayolifanya suala hili lizidi kiwango cha usumbufu wa dakika mbili tatu. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kabla kipashwe hadi nyuzi 70 kila mahali, hata katikati, ili vijidudu viangamie. Anayepasha kwa mazoea ya dakika, akiwa na mashine iliyopoteza sehemu moja ya tano ya nguvu yake, iwe kwa uzee, kwa umeme mdogo au kwa feni iliyoziba, hutakiwa kuongeza muda kwa robo nzima, na asipofanya hivyo humpa mlaji nyama yenye moto kando na uvuguvugu ndani, ambao ndio mazingira yanayopendwa na bakteria. Kwa mlaji, chanzo cha upungufu hakileti tofauti. Joto la katikati ya chakula ndilo linalomlinda. Hofu nyingine inayosikika, kwamba mashine ikizeeka huvujisha mawimbi zaidi, ni suala la mlango, bawaba na vizibo vyake wala si la magnetroni, na mlango uliopinda ni sababu tosha ya kuacha kuitumia mashine bila kungoja kipimo cha maji.

Kwa mwenye maikrowevu, basi, ushauri ni huu: siku ya kuinunua, kabla haijapasha sahani hata moja, apime lita moja ya maji, aandike jibu pamoja na tarehe kwenye karatasi, na aibandike nyuma ya mashine. Baada ya miaka mitano, namba hiyo ndiyo itakayoamua kama fundi aitwe au matundu ya hewa yasafishwe.